Somo: Kuendesha nyumba miaka ya mwanzo baada ya kustaafu kwa hiari

Ndugu wanachama, swali la namna ya kuishi baada ya kustaafu ukiwa na miaka 55 nimelijibu kwa simu, nimelijibu kanisani, nimelijibu ndani ya daladala la kwenda Msamvu, na wiki iliyopita nimelijibu msibani huku marehemu akisubiri kuagwa. Nimeamua kuliandika mara moja ili atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa. Nilikuwa muuguzi, niliajiriwa 1992, nikastaafu kwa hiari Septemba 2022, na ninaishi Morogoro na mume wangu, ambaye ni seremala asiye na pensheni, pamoja na binti yetu wa mwisho ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Biashara sitaizungumzia, kwa sababu siijui.

Hatua ya kwanza. Mwandikie mwajiri miezi sita kabla ya tarehe unayotaka kuondoka, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya pili. Hakiki mapema michango yako PSSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, hasa kama ulianza katika mmojawapo wa mifuko minne iliyounganishwa mwaka 2018, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Hakikisha pia kwamba jina lililo kwenye barua ya ajira ndilo lililo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa maana mbele ya karani Asha na Aisha ni watu wawili.

Hatua ya tatu. Andika matumizi ya nyumba kwa miezi mitatu mfululizo kabla hujaondoka kazini, pamoja na ya shilingi mia tano. Mimi nilifanya hivi nikiwa nimeshachelewa, na nitaeleza gharama yake hapa chini. Kabla ya kuandika ningeapa kwamba nyumba yangu inatumia laki nne kwa mwezi. Daftari likasema 640,000. Tofauti ile ilikuwa kwenye vocha, nauli za wajukuu, michango ya sherehe na maandazi. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba nauli ya kazini inapungua, lakini chai ya saa nne sasa unainywa nyumbani, kwa mkaa wako na sukari yako, na wageni wamekwishajua kwamba upo.

Hatua ya nne: mkupuo, yaani zile fedha za mafao unazolipwa kwa mara moja unapostaafu. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Kwanza hesabu yenyewe. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa ile miaka mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi katika kumi ya mwisho, unazidisha kwa miezi uliyochangia, unagawa kwa 580. Wangu ulikuwa 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na nilichangia miezi 360. Jibu ni 8,937,931, ambayo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, asilimia 33 ya kiasi hicho ilizidishwa kwa 12.5 ikawa mkupuo wa shilingi 36,868,965, na asilimia 67 iliyobaki ikagawanywa kwa miezi 12 ikawa pensheni ya takriban 499,000 kila mwezi. Viwango hivyo vya mgawanyo vimeguswa tena baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo msinakili namba zangu; ombeni zenu. Linganisheni tu jambo moja: mshahara uliokuwa ukiingia mkononi mwangu ulikuwa laki tisa na ushei, na sasa ilikuwa inaingia chini ya laki tano, katika nyumba inayokula laki sita na arobaini.

Sasa kosa. Siku ya kumi baada ya fedha kuingia, fundi alikuwa kiwanjani kwetu kando ya barabara akichimba msingi wa fremu tatu za maduka. Sikuwa na makadirio ya gharama yaliyoandikwa, sikuwa nimeuliza kama kuna mpangaji, na sikuwa nimeandika daftari lile la hatua ya tatu. Saruji, nondo, tofali na mchanga vilikula milioni 22, na jengo likasimama kwenye lenta. Kiasi kilichobaki kilikuwa kwenye akaunti ileile yenye kadi niliyokuwa nikitolea hela ya vitunguu, na hilo ndilo lililonimaliza kuliko fremu. Kila pensheni ilipopelea, nilichota elfu hamsini, kisha elfu themanini, kisha ada, kisha milioni mbili nilizomkopesha ndugu yangu kwa wiki mbili ambazo hadi leo hazijaisha. Hakuna siku hata moja niliyohisi kwamba ninatapanya. Mwezi Juni 2023 nilikwenda kuangalia salio nikakuta 6,200,000. Fremu hazina bati hadi leo, na mbuzi wa jirani ndio wapangaji wangu. Mmoja amezalia ile ya katikati.

Kwa hiyo, maonyo yangu ni haya. Kabla mkupuo haujaingia, fungua akaunti ya pili isiyo na kadi wala huduma ya simu, ambayo ukitaka kutoa fedha ni lazima upange foleni na kitambulisho. Foleni imeokoa fedha nyingi kuliko nidhamu yangu. Kwa miezi sita ya kwanza usijenge, usinunue pikipiki ya kukodisha, usifuge kuku wa kisasa, na usimdhamini mtu mkopo, hata awe mtoto uliyemzaa. Tenga pengo la nyumba kwa mwaka mzima, yaani kile ambacho pensheni inapelea matumizi, ambalo kwangu lingekuwa kama 140,000 kwa mwezi, liwekwe mahali linapofikika. Kinachobaki kipeleke kwenye kitu kinacholipa kwa ratiba, mfano hati fungani za serikali, ambazo unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, au Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji. Na mtu yeyote anayekupigia simu akidai ada ya kuharakisha mafao yako ni tapeli, hata kama anaijua cheki namba yako, ile namba yako ya utumishi.

Hatua ya tano. Jilipe mshahara kwa tarehe moja kila mwezi, nao ugawanywe kwenye bahasha siku hiyohiyo: sokoni, LUKU na maji, gesi, shule, michango, dharura. Bahasha ya michango ikiisha, harusi inayofuata tunaichangia kwa kwenda kupika. Mwanzoni mume wangu alizicheka bahasha hizi, lakini sasa fedha anazopata kwa kuuza kitanda anazileta mwenyewe ziingizwe.

Hatua ya sita. Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake kwa masharti ya mfuko, lakini watoto hawaendelei naye. Mimi nililigundua hilo dirishani, binti akiwa na homa, pale kadi yake ilipokataa. Tukalipa 85,000 taslimu. Ulizeni mapema na mumkatie mtoto bima yake.

Hatua ya saba. Mahindi nunueni wakati wa mavuno, kati ya Juni na Agosti, si Februari.

*Maswali ya wanachama*

Mwanachama, Singida: Mama, nina milioni 40 za mkupuo. Nifanye biashara gani inayolipa haraka?

Jibu: Soma hatua ya nne.

Mwanachama, Singida: Nimesoma, lakini wewe ulijenga fremu. Mimi nauliza kuhusu biashara.

Jibu: Basi hukuisoma. Nimeandika kwenye aya ya kwanza kwamba biashara siijui. Kama umeifanya miaka kumi ukiwa kazini, wewe ndiye utufundishe. Kama unaianza leo kwa sababu fedha zipo, mimi sina la kukuambia.

Mwanachama, Mbeya: Shikamoo mama. Nimebakiza miaka miwili. Umeandika kwamba hati fungani hulipa kwa ratiba, lakini nimesikia zinalipa mara mbili tu kwa mwaka. Nyumba inakula kila siku, inawezekanaje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na asante, hili ni swali la mtu aliyekaa akafikiri. Ni kweli kwamba kila hati hulipa kuponi, yaani riba yake, kila baada ya miezi sita. Hati iliyotolewa Februari italipa Agosti na Februari; iliyotolewa Machi italipa Septemba na Machi. Kwa hiyo mtu asinunue hati moja ya milioni 30, bali anunue sita za milioni tano tano, zenye miezi ya malipo inayofuatana, kuanzia jozi ya Januari na Julai hadi jozi ya Juni na Desemba. Tuchukue riba ya asilimia 12 kwa ajili ya hesabu tu: milioni tano huzaa laki sita kwa mwaka, yaani laki tatu kila kuponi, na kwa hati sita umepata laki tatu kila mwezi wa mwaka. Huhitaji kuzinunua zote kwa siku moja. Benki Kuu hufanya minada mara kwa mara, kiwango cha chini ni shilingi milioni moja, na unanunua kupitia benki yako au wakala wa soko la hisa atakayekufungulia akaunti ya dhamana, ile inayotunza hati zako. Kuponi za hati za muda mrefu hazikatwi kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, tofauti na riba ya akaunti ya muda maalumu, ambayo hukatwa asilimia 10. Ila tambua kwamba hati ya miaka 20 au 25 ukitaka kuiuza kabla ya wakati, utaiuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, nayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Ndiyo maana pengo la mwaka linakaa pembeni. Miaka miwili uliyobakiza inakutosha kununua hati moja kwa mshahara ili uizoee.

Mwanachama, Dodoma: Kwa nini usiwashauri watu wastaafu na miaka 60? Hasara zote hizi zimetokana na haraka.

Jibu: Kaka yangu, zamu za usiku kwa miaka 30 na mgongo wangu ndivyo vilivyoamua, na sheria inaruhusu. Fremu ningeweza kuzijenga vibaya hata nikiwa na 60.

Mwanachama, Tanga: Mama, watoto wajue kiasi cha mkupuo au wasijue?

Jibu: Mwenza ajue hadi shilingi ya mwisho, na jina lake liwemo kwenye nyaraka. Watoto wetu tuliwaambia kiasi cha pensheni ya mwezi, tukawaonyesha na daftari. Tangu hapo mkubwa huleta mtungi wa gesi kila baada ya miezi miwili bila kuombwa, jambo ambalo hakulifanya alipodhani nimekalia mamilioni.

Mwanachama, Shinyanga: Benki imenipigia simu, inanipa mkopo wa wastaafu wa milioni nane kwa dhamana ya pensheni. Nichukue?

Jibu: Wa kufanyia nini?

Mwanachama, Shinyanga: Bado sijaamua.

Jibu: Usichukue.

Mwanachama, Iringa: Hatua ya saba umeipitia mbio. Mwaka jana nilinunua magunia manne ya mahindi mwezi wa saba, na kufikia Desemba dumuzi walikuwa wamebakiza unga. Wewe unayahifadhije?

Jibu: Mama mwenzangu, pole sana, huyo mdudu alinifundisha adabu mimi pia. Sasa natumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Unajaza, unakamua hewa, unafunga wa ndani kabisa, kisha wa pili, kisha kiroba. Wadudu waliomo hukosa hewa na hufa bila dawa. Lakini mahindi yasipokauka vizuri yataota ukungu humohumo, na kwa macho huwezi kujua. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka, weka punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikishuka yote chini, jaza mfuko. Na mifuko usiiegemeze ukutani, weka juu ya mbao, kwa sababu panya akitoboa tundu moja kazi yote imepotea.

Mwanachama, Iringa: Kwa hiyo ukifungua mfuko kuchukua debe moja, uliobaki hauharibiki?

Jibu: Ukifungua na kufunga kila wiki unawapa wadudu hewa. Fungua mmoja, mimina wote kwenye pipa la jikoni, ule huo hadi uishe, ndipo ufungue wa pili. Sisi watu watatu gunia la kilo mia linatufikisha miezi mitatu hivi, tukichanganya na wali na ndizi.

Mwanachama, Morogoro: Dada, nimepita barabarani nikaziona hizo fremu. Unaziuza kiasi gani?

Jibu: Haziuzwi. Zile 6,200,000 zilizobaki, milioni tano niliziweka kwenye hati inayolipa Februari na Agosti. Agosti tutanunua bati za fremu ya kwanza, ya mwisho kulia, kwa kuwa ile ya katikati ina mbuzi anayenyonyesha.