Vifaa vya kuanza kukereza kalamu za mti, hatua kwa hatua

Wengi wanaotaka kukereza kalamu huuliza kwanza bei ya mashine. Mashine inaweza kusubiri. Kalamu ni kazi ya nusu milimita, na kinachoamua kama itatoka nzuri ni vile vifaa vidogo vinavyogusa mti: biti ya kutobolea, gundi, bushi na makali ya patasi. Huko ndiko pesa yako iende.

Hatua ya 1: Chagua seti ya kalamu

Seti ni zile sehemu za chuma: tyubu mbili za shaba ya manjano, ncha, klipu, pete ya katikati na kizungusho kinachotoa wino. Anza na ile nyembamba, yenye tyubu za milimita 7. Kabla ya kulipa, uliza inatumia rifili gani, yaani kijiti cha wino cha ndani. Hiyo nyembamba hutumia rifili ya mtindo wa Cross, ambayo si kila duka la vifaa vya ofisi linayo. Seti nyingi zilizo nene kidogo hutumia mtindo wa Parker, unaopatikana kirahisi zaidi. Ukichukua ya Cross, agiza rifili za akiba papo hapo, maana wino ukiisha mteja atakurudia wewe.

Nunua seti tano au sita za aina moja, usichanganye. Kila aina ina biti yake na bushi zake, yaani pete za chuma zinazokaa kwenye miisho ya mti na kukuonyesha ukomee wapi kukereza.

Hatua ya 2: Mashine na mandreli

Mashine ndogo ya mezani inatosha kabisa. Mafundi wa kuchomelea huunda mashine za kukerezea miguu ya vitanda, na nyingine ni imara sana, ila mara nyingi hazina tundu la tepa. Pima mdomo wa tundu kwenye spindeli, yaani mhimili unaozunguka. Ukikuta karibu milimita 18, na tundu linazidi kuwa jembamba kuelekea ndani, yaelekea hiyo ni tepa ya Morse namba 2, inayopokea mandreli nyingi za kalamu. Mandreli ni ile fimbo ya chuma inayobeba mti na bushi. Nati yake ikaze kwa vidole tu. Ukiikaza kwa nguvu fimbo hupinda na kalamu hutoka na umbo la yai.

Mashine ya mtumba kutoka Marekani itazame kibao cha mota kwanza. Ikiandikwa volti 110 au 120, itakudai transfoma, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Patasi, kunoa, kinga

Patasi mbili zinatosha: bobari ya kuondoa pembe, na bapa yenye makali ya mshazari ya kulainisha. Chagua za chuma cha haispidi (HSS), kwa sababu hazipotezi ugumu haraka zikipata joto kwenye mashine ya kunolea. Patasi iliyotengenezwa kwa tupa kuukuu usiikubali hata ukipewa bure: chuma cha tupa ni kigumu lakini hukatika ghafla, na kipande huruka kuelekea usoni.

Mimi hunoa kabla ya kila kalamu. Makali mazuri hutoa maranda. Ukiona vumbi tupu, simamisha mashine unoe.

Vaa ngao ya uso na barakoa ya FFP2 au N95. Kunja mikono ya shati, vua mtandio, funga nywele, na glavu usivae kabisa mashine ikizunguka.

Hatua ya 4: Mti

Unahitaji kipande cha milimita 19 kwa 19, urefu wa sentimita 13. Kipime kwenye mizani ndogo kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka. Mti mbichi utapasuka juu ya tyubu hata ukiukereza vizuri namna gani.

Anza na msaji au mninga, kisha ndiyo uje kwa mpingo. Najua mpingo ndio unaovutia, na wachongaji, kama wale wa Mwenge jijini Dar es Salaam, hubakiwa na vipande vidogo vinavyotosha kalamu. Lakini ni mti mgumu, una mafuta, na huzama majini kwa uzito wake. Vumbi lake, kama la mninga, huwasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu.

Ukifikiria kuuza nje, jua kwamba mpingo uko katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa kibali cha CITES. Vipande ambavyo bado havijakerezwa havijasamehewa. Sheria za misitu za nchi yako zinabaki palepale.

Hatua ya 5: Kutoboa na kugundisha

Hapa ndipo kalamu nyingi hufia. Ukimaliza kukereza, kwenye miisho hubaki mti usiofika unene wa milimita moja. Mti huo unashikiliwa na gundi tu.

Chora mstari ubavuni ili nyuzi zije zikutane tena, kisha kata vipande viwili, kila kimoja kizidi tyubu kwa milimita mbili au tatu. Toboa polepole, ukichomoa biti mara kwa mara kutoa unga. Mpingo ukipata joto hupasuka, kwa hiyo upumzishe katikati ya kazi.

Kwaruza tyubu kwa msasa, na mti wenye mafuta futa ndani kwa asetoni. Tumia epoksi. Supaglu hushika haraka mno na tyubu inaweza kukwama katikati ya tundu. Chomeka mwisho wa tyubu kwenye kipande cha kiazi ili gundi isiingie ndani, kisha kitoe kabla hakijakauka. Iache gundi ikauke hadi kesho. Halafu sawazisha miisho ya mti kwa kisu cha kuzungusha ambacho kijiti chake huingia kwenye tyubu, na ukiona shaba inang'aa, acha.

Hatua ya 6: Kereza na ung'arishe

Mizunguko 2,000 kwa dakika ni mwendo mzuri wa kuanzia. Msasa uwe namba 180, 240, 320, 400 na 600. Kila unapobadilisha, simamisha mashine usugue kwa urefu wa nyuzi. Mpingo hautaki zaidi ya nta. Miti mingine ipake supaglu tabaka jembamba kwa karatasi laini. Kitambaa cha pamba usitumie: pamba na supaglu hutoa joto la kuunguza vidole.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Jiliwa lenye vibao laini mdomoni linatosha kusukumia sehemu. Tia ncha kwanza, halafu kizungusho upande wa pili wa kipande hichohicho. Sukuma milimita moja, pachika rifili, zungusha utazame, kisha sukuma tena. Ncha ya wino ikichungulia wakati kalamu imefungwa, umepitiliza, na kukirudisha kizungusho nyuma bila kupasua mti ni vigumu sana.