Pima upepo wa tairi asubuhi, siku ya bei mpya

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Ifanye siku hiyo iwe ya kupima upepo wa tairi zote nne, asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea kila linapozunguka, nguvu inapotea kama joto na injini inalazimika kunywa mafuta zaidi. Ukipima tairi zikiwa za moto, geji inasoma juu. Ukipunguza hapo, zikipoa zitakuwa chini ya kiwango. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, na mafundi wengi wa pancha hujaza kwa mazoea tu, kwa hiyo wataje namba yako. Usizidishe ukidhani utaokoa zaidi: tairi gumu hushika barabara vibaya, hasa mvua ikinyesha. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, asubuhi hutaona nafuu kubwa, maana mafuta huungua gari likiwa limesimama. Faida iko safari ndefu, Dar hadi Morogoro au Dodoma.