Roboti sita kwenye kitalu cha parachichi: kugawa chaji kati ya magurudumu, redio na hesabu

Kazi yenyewe ni hii: roboti sita ndogo, kila moja kilo 1.2, zipite kati ya matuta ya viriba vya miche ya parachichi, zipime joto na unyevu wa hewa chini ya kivuli, na zipeane taarifa bila kompyuta kubwa ya kuziongoza. Kitalu kina mita 20 kwa 10, na kiko kwenye mteremko wa nyuzi 10 hivi, kama vilivyo vitalu vingi vya Rungwe na Njombe.

Kila roboti inahitaji bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja yenye Wi-Fi), seli mbili za 18650 (betri za lithiamu za kuchaji) zilizounganishwa kwa mfululizo na bodi ya ulinzi inayosawazisha seli, mota mbili zenye gia za chuma, kiendesha mota cha TB6612FNG, kishusha volti cha 5 V, sensa ya mkondo INA219 na sensa ya hewa SHT31. L298N, kiendesha mota cha zamani, ni rahisi na ipo kila duka, lakini iache. Inakula karibu volti 2 njiani, na kwenye betri ya volti 7.4 hiyo ni zaidi ya robo ya umeme wako inayoishia kuwa joto.

Hatua ya 1: Jua betri ina nini kweli

Seli iliyoandikwa 9900 mAh ni ya uongo. 18650 nzuri hubeba kati ya 2500 na 3500 mAh na huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Ipime kwenye mizani ya sonara. Ikiwa na gramu 30, mrudishie mwenye duka.

Seli mbili za 2500 mAh zinakupa 7.4 × 2.5, yaani wati-saa 18.5. Usizihesabu zote. Ukiacha akiba ili seli zisizame, ukaondoa na kinachopotea kwenye baridi ya kipupwe, panga kwa 13. Asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Njombe seli huwa nzito kutoa mkondo, na chini ya nyuzi 0 hazifai kuchajiwa kabisa. Chajia ndani.

Hatua ya 2: Pima mota kwenye njia yenyewe, si mezani

Weka INA219 kati ya betri na roboti nzima, uiendeshe dakika 10 kwenye kitalu, kupanda na kushuka. Sensa hii kwa kawaida huishia ampea 3.2, kwa hiyo ukiona namba imeganda hapo, mota zinavuta zaidi ya unavyosoma.

Mteremko unaweza kuupigia hesabu kabla. Kilo 1.2 kwenye nyuzi 10 inavutwa nyuma kwa nguvu ya niutoni 2. Kwa mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde, hiyo ni wati 0.4 kwenye gurudumu. Mota ndogo na gia zake hupoteza karibu theluthi mbili, kwa hiyo betri inatoa wati 1.2 za ziada. Kushuka hakurudishi kitu. Rudia kipimo baada ya mvua, maana tope likishika magurudumu namba zote za kiangazi hazina kazi.

Hatua ya 3: Chagua ubongo kwa hesabu, si kwa tamaa

Tuseme mota zinakula wati 4 zikitembea, na roboti inatembea robo ya muda: wastani wati 1. ESP32 yenye redio iliyowashwa muda wote, pamoja na hasara ya kishusha volti, wati 0.5. Sensa 0.1. Jumla 1.6, na wati-saa 13 zinakupa masaa 8.

Sasa weka Raspberry Pi 4, kompyuta kamili ya bodi moja, yenye kamera mahali pa ESP32. Ikifanya kazi ya kuchambua picha hula wati 5 au zaidi. Jumla inakuwa 6.1, na masaa 8 yanageuka 2. Magurudumu ni yaleyale. Kama kamera ni lazima, ipe roboti moja tu na uiongezee betri.

Hata ESP32 inabana. Ina kumbukumbu ya KB 520, na Wi-Fi inachukua sehemu yake kabla hujaandika mstari. Ramani ya kitalu iliyogawanywa kwa vyumba vya mraba vya sentimita 10 ina vyumba 20,000. Baiti moja kwa kila chumba ni KB 20, inaingia vizuri. Ukitaka sentimita 2, vyumba vinakuwa 500,000 na programu haitawaka. Halafu andika `0.5f`, si `0.5`, na `sqrtf` badala ya `sqrt`: namba za `double` (desimali zenye tarakimu nyingi zaidi) hazina saketi yake kwenye chipu hii, zinakokotolewa polepole kwa programu.

Hatua ya 4: Nyamazisha redio

Hapa ndipo wengi hukosea. Redio ikisikiliza tu inavuta karibu miliampea 100, ujumbe uje usije. Kufupisha ujumbe hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuizima.

Tumia ESP-NOW, njia ya bodi za ESP32 kutumiana ujumbe moja kwa moja bila ruta. Ujumbe wa baiti 8 unatosha: namba ya roboti, mahali, mwelekeo, volti na hali. Washa redio milisekunde 200 kila sekunde 2, zote kwa wakati mmoja, na shusha mwendo wa chipu kwa `setCpuFrequencyMhz(80)`. Saa za roboti hupishana taratibu, hivyo roboti namba 1 itangaze muda kila dakika. Usipofanya hivyo, baada ya muda zitakuwa zinaongea wakati wenzao wamelala.

Pia kila roboti ijali majirani watatu walio karibu tu. Sita zikisikilizana zote ni mapokezi 30 kwa kila mzunguko; thelathini ni 870.

Hatua ya 5: Kurudi kituoni

Pima volti ya betri kupitia rezista za kΩ 100 na kΩ 47, zikupe volti 2.7 betri ikiwa 8.4. Weka kapasita ya µF 0.1 sambamba na ya 47, na utumie pini 32 hadi 39. Nyingine za analogi hazisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Linganisha na multimeta kabla ya kuamini.

Simamisha mota sekunde 2 ndipo usome. Volti ya betri inayovuta mzigo hudanganya.

Roboti zilizoanza na chaji sawa zitaishiwa pamoja na kupanga foleni kwenye nafasi mbili za kuchajia. Kwa hiyo toa viwango tofauti: ya kwanza irudi kwa volti 7.20, ya pili 7.25, hadi ya sita 7.45. Zungusha viwango kila wiki, la sivyo seli za roboti moja zitachoka mapema.

Kituo kiwe upande wa chini wa kitalu. Kupanda mita 20 hakuli chaji nyingi, ila betri iliyochoka ikipewa mlima volti huanguka ghafla na ESP32 hujizima na kuwaka upya katikati ya matuta. Ukiiunganisha na kompyuta, kwenye skrini utaona neno brownout, yaani volti imeshuka mno. Kapasita ya µF 1000 karibu na bodi hupunguza tatizo hilo. Na kwa kuwa maji nayo hukimbilia chini, inua kituo juu ya tofali mbili.