Somo: Kubadilisha diski iliyokufa kwenye Btrfs bila kufungiwa nje

Wakuu, tuna diski mbili za Btrfs (mfumo wa faili wa Linux) kwa mpango wa RAID1, yaani kila data ina nakala kwenye diski zote mbili, na moja imekufa. Kabla hujagusa chochote, andika `uname -r` uone toleo la kerneli, yaani kiini cha Linux. Ikisoma chini ya 4.14, tulia kwanza.

Diski moja ikibaki, kerneli haina pa kuweka nakala ya pili, hivyo data mpya huangukia kwenye chanki (vipande vya nafasi ya diski) za aina ya `single`, yaani zenye nakala moja. Ukizima na kuwasha, kerneli ya zamani inapiga hesabu ya ajabu: kuna `single`, `single` haivumilii kukosa diski hata moja, moja haipo, basi hakuna kuandika. Kumbe chanki hizo zote zimo kwenye diski iliyo hai! Na `replace`, amri ya kubadilisha diski, haiendi bila ruhusa ya kuandika. Kiraka kilichoingia 4.14, mwaka 2017, hukagua chanki mojamoja.

1. Chomeka diski mpya, isiwe ndogo kuliko iliyokufa. Hakikisha majina kwa `lsblk`; hapa `sdb` ni iliyo hai, `sdc` ni mpya.

2. `mount -o degraded /dev/sdb /mnt`. Hii inamaunti, yaani inafungua mfumo wa faili utumike, hata diski moja ikikosekana.

3. `btrfs filesystem show /mnt`. Iliyokufa haina jina tena, tunaiita kwa namba. Iliyobaki ikiwa devid (namba ya diski) 2, unayoitafuta ni 1.

4. `btrfs replace start 1 /dev/sdc /mnt`. Ikilalamika kwamba diski mpya ina mfumo wa faili, ongeza `-f`, ila soma jina mara mbili. `-f` haina huruma.

5. `btrfs replace status /mnt`, kisha kanywe chai.

6. `btrfs balance start -dconvert=raid1,soft -mconvert=raid1,soft /mnt`. Hii hurudisha `single` kuwa RAID1. Wengi huiruka, halafu zile `single` zinabaki na nakala moja tu.

Swali: Mkuu, umeme ukikatika katikati ya hatua ya 5?
Jibu: Ukimaunti tena, kazi inaendelea yenyewe.

Swali: Nimeweka diski kubwa zaidi, mbona nafasi ni ileile?
Jibu: `replace` huhifadhi ukubwa wa zamani. Piga `btrfs filesystem resize 1:max /mnt`. Ila kwa RAID1 ya diski mbili, hutaona faida mpaka ya pili nayo ikue.

Swali: Mimi nimeshafungiwa, kerneli ni 4.9.
Jibu: Pole. Maunti kwa `-o ro,degraded` unakili data yako kwanza. Kisha washa mashine kwa flashi yenye Linux mpya, uanzie hatua ya 2 hukohuko.