Mzigo uliouzwa ukipotea njiani, hasara ni ya nani? Somo kwa wanaouziana mtu kwa mtu

Ndugu wanachama, somo hili linahusu mauzo ya mtu binafsi kwa mtu binafsi: mwenye cherehani yake iliyotumika hapa Mwanjelwa, Mbeya, anamuuzia fundi wa Songea, au mwanafunzi wa Iringa anamuuzia kompyuta yake mtu wa Tukuyu ambaye hawajawahi kuonana. Bei inakubaliwa kwa simu, fedha zinatumwa, mzigo unapandishwa basi la alfajiri, na siku mbili baadaye haujulikani ulipo. Muuzaji anasema, "Mimi nilishatuma." Mnunuzi anasema, "Mimi sijapokea." Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja, na kwa hiyo hakuna hata moja inayomaliza shauri. Linalolimaliza ni kujua hatari ya hasara ilihama lini kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, na jambo hilo mara nyingi huamuliwa kabla hata mzigo haujafungwa.

Hatua ya kwanza: kubalianeni hatari inahama wapi

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwenye hatua nyingine, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopita haraka.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaanza na kanuni kwamba hatari hufuata umiliki, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Kwa kitu mahususi ambacho kipo tayari kukabidhiwa, kama cherehani ile ile mliyoioneshana kwa picha, umiliki unaweza kuhama mara tu mnapokubaliana, hata kama malipo au makabidhiano yatafanyika baadaye, ili mradi hamkuonesha nia nyingine. Sheria hiyo inaongeza kwamba muuzaji aliyeruhusiwa au kutakiwa kutuma mzigo, akishaukabidhi kwa msafirishaji ili umfikie mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Kwa hiyo mkikaa kimya, bila kusema neno lolote kuhusu njiani, mnunuzi ndiye atakayejikuta amebeba hatari tangu mzigo ulipopokelewa stendi ya Nane Nane, au hata kabla ya hapo. Wanunuzi wengi hawalijui hili, na huliamini tu baada ya kupoteza.

Hata hivyo kuna hali ambazo zinaigeuza picha hiyo. Muuzaji akiahidi kufikisha mzigo mpaka Songea, yaani akasema "nitakuletea" na si "nitakutumia", basi kwa kawaida hatari inabaki kwake mpaka ufike. Muuzaji akiweka sharti kwamba kitu kitaendelea kuwa chake mpaka fedha zote zilipwe, hatari nayo inabaki kwake hadi hapo, kwa sababu umiliki haujahama. Na kama mzigo ulichelewa kutumwa kwa kosa la mmoja wao, hasara ambayo huenda isingetokea bila ucheleweshaji huo inamwangukia aliyechelewesha.

Kwa maoni yangu, mtu anayemuuzia asiyemfahamu kitu kilichotumika afadhali akubali kubeba hatari mpaka mzigo upokelewe, kisha aweke gharama ya usafirishaji wa uhakika ndani ya bei. Yeye ndiye anayefunga mzigo, ndiye anayechagua basi, ndiye anayesimama mbele ya dirisha la ofisi ya mizigo. Mnunuzi aliye mbali hana namna ya kuyasimamia hayo. Lakini sheria inawaachia uhuru wa kukubaliana mnavyotaka, mradi mkubaliane. Ujumbe mfupi kama huu unatosha:

"Nimekuuzia cherehani niliyokutumia picha zake leo kwa shilingi 280,000. Nitaikabidhi ofisi ya mizigo stendi ya Nane Nane, Mbeya, siku ya Ijumaa, iende Songea. Ikipotea au kuharibika kabla hujaipokea Songea, hasara ni yangu na nitakurudishia fedha zako."

Mkitaka kinyume chake, sentensi ya mwisho iseme hivi: "Ikishapokelewa na ofisi ya mizigo na nikakutumia risiti, hatari ya njiani ni yako." Mwenzako ajibu kwa maneno, "Nimekubali," asitume alama ya dole gumba tu. Ujumbe wa simu una uzito: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa namna hiyo mahakamani, kwa hiyo usiufute hata baada ya kubadilisha simu.

Hatua ya pili: weka kumbukumbu ya kitu chenyewe

Piga picha za kitu kikiwa wazi, namba yake ya kiwandani ikionekana, kisha kikiwa kinafungwa, kisha kikiwa kimefungwa na jina la mpokeaji na simu yake vimeandikwa kwa wino usiofutika juu ya boksi. Weka karatasi nyingine yenye majina hayo hayo ndani ya boksi, kwa sababu karatasi ya nje hubanduka.

Hatua ya tatu: kabidhi mzigo kwa namna itakayokulinda

Sheria haimruhusu muuzaji kumtupia msafirishaji mzigo na kunawa mikono. Anatakiwa kufanya na msafirishaji mapatano yanayofaa kulingana na aina ya mzigo na mazingira yake. Asipofanya hivyo, na mzigo ukapotea au kuharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kabisa kuhesabu kwamba alikabidhiwa, au akadai fidia kwa muuzaji. Maana yake ni kwamba muuzaji aliyempa utingo boksi dirishani bila risiti hawezi kujificha nyuma ya kanuni niliyoieleza juu, hata kama hatari ilikuwa ya mnunuzi.

Mapatano yanayofaa, kwa barabara zetu, yanaanza na risiti ya ofisi ya mizigo na si neno la kondakta. Risiti ioneshe tarehe, jina la mtumaji, jina la mpokeaji, kituo cha kushukia, na maelezo ya kweli ya kilichomo. Watu huandika "nguo" ili walipe kidogo, wakati ndani kuna kompyuta. Siku mzigo unapopotea, wanadai kompyuta kwa risiti ya nguo, na hakuna wa kuwasikiliza. Taja thamani, na ukiambiwa uongeze malipo kwa sababu ya thamani hiyo, ongeza. Andika pia namba ya usajili ya gari lenyewe, kwa kuwa jina la kampuni pekee halitoshi pale ambapo mabasi yake matatu yanaondoka asubuhi moja.

Jambo linalohitaji uangalifu wa pekee ni mzigo unaobadilisha gari. Mzigo wa kutoka Mbeya kwenda Njombe au Songea huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam pale Makambako. Kama basi ulilotumia linaendelea kwenda Iringa na Morogoro, mtu fulani lazima aushushe na kuupandisha gari jingine, na hapo ndipo palipo na mwanya: ofisi ya kwanza itasema iliushusha, ya pili itasema haikuupokea. Tafuta gari linalofika moja kwa moja, hata kama utasubiri siku moja zaidi. Likikosekana, hakikisha risiti ya kwanza inataja Songea kuwa ndiko mwisho wa safari, ili ofisi iliyopokea fedha zako ibaki na wajibu wa safari nzima.

Mara tu ukipata risiti, mtumie mnunuzi picha yake pamoja na namba ya gari na saa ya kuondoka. Mtumie yeye peke yake.

Hatua ya nne: mzigo usipoonekana

Mnunuzi atoe taarifa siku ile ile, kwa maandishi, kwa muuzaji na kwa ofisi ya mizigo ya kituo cha kushukia. Muuzaji naye aende ofisi ya kupandishia akiwa na risiti, aombe kuona daftari lao la mizigo au orodha iliyokwenda na gari, kisha aandike barua ya madai, iwe fupi, yenye tarehe, thamani na muda wa kujibu, na nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga mhuri, nenda na shahidi. Pale ambapo kuna dalili ya wizi, fungueni taarifa polisi na mpate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi.

Msafirishaji naye ana wajibu wake chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Aliyepokea mali ya mwenzake kwa ajili ya kuisafirisha anatakiwa kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Hawajibiki kwa kila janga. Basi likigongwa na lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga, bila uzembe wowote wa dereva wake, anaweza kujitetea. Lakini mzigo uliotoweka tu, bila ajali wala moto, unamtaka yeye aeleze aliutunza vipi, na jibu la "hatujui" si maelezo.

Kama barua haikujibiwa, huduma za posta na za kusafirisha vifurushi zinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mabasi yenyewe hupata leseni kwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Malalamiko yapelekwe huko yakiwa na viambatisho vyote. Madai ya fedha yenyewe yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo.

Wakati hayo yanaendelea, muuzaji asikae pembeni hata kama hatari ilishahama. Jina lake ndilo lililo kwenye risiti, na msafirishaji huwa anamsikiliza mwenye risiti. Muuzaji aliyekwisha kulipwa bei yote, kisha akapokea fidia ya msafirishaji na kukaa nayo, anachukua fedha mara mbili kwa kitu kimoja. Fidia hiyo ni ya mnunuzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Mnunuzi wangu alikataa nisitume kwa ofisi ya mizigo, akaniagiza nimpe dereva anayemfahamu yeye. Nikampa, na mzigo haukufika. Sasa anadai nimrudishie fedha.

Jibu: Marahaba. Kama una ujumbe wake wa maagizo hayo, uko mahali pazuri. Yeye ndiye aliyemchagua mpokeaji na njia, na ukimpa mtu aliyetajwa na mnunuzi ni sawa na kumpa mnunuzi. Unachotakiwa kuthibitisha ni kwamba dereva yule yule ndiye aliyepokea. Mpigie simu dereva mbele ya shahidi, au muombe mnunuzi athibitishe kwa maandishi kwamba dereva alimjulisha kuwa ameupokea mzigo. Kama maagizo yalitolewa kwa mdomo tu na mnunuzi anayakana, kesi yako ni dhaifu zaidi.

Mwanachama wa Mafinga: Risiti yangu imechapwa chini kabisa maneno "kampuni haitahusika na upotevu wa mzigo". Je, nisijisumbue kudai?

Jibu: Dai. Maneno ya namna hiyo hayafuti kila wajibu kwa sababu tu yamechapwa. Kampuni inayoyategemea inapaswa kuonesha kwamba ulijulishwa kwa namna ya kutosha kabla au wakati wa kukabidhi mzigo, na maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Hata hivyo, kama kibao kikubwa cha masharti kiko juu ya dirisha na ulipewa nafasi ya kutaja thamani ukakataa, usitegemee kulipwa bei kamili. Wengi humaliza kwa mapatano, na mapatano mazuri huenda kwa aliye na karatasi nyingi mkononi.

Mwanachama wa Iringa mjini: Nilinunua kompyuta kutoka Mbeya. Nilipofika stendi ya Igumbilo nikaambiwa imeshachukuliwa na mtu aliyetaja jina langu na namba ya risiti. Nani anilipe?

Jibu: Pole sana dada. Msafirishaji anayemkabidhi mzigo mtu asiye mwenyewe amekosea kwenye kiini cha kazi yake, kwa hiyo dai lako la kwanza ni kwa ofisi hiyo: waulize waliomba kitambulisho gani, na saini iko wapi. Kisha ichunguzwe namba ya risiti ilivujaje. Kama muuzaji aliibandika picha ya risiti kwenye kundi la watu mia mbili, amechangia hasara hiyo, na ni haki kumdai hata kama hatari ilikuwa imeshahamia kwako. Kama ni wewe uliyeisambaza, yeye hana la kujibu. Nenda polisi leo na namba ya kiwandani ya kompyuta hiyo.

Mwanachama wa Kyela: Tulikubaliana nalipa nusu kwanza, nusu nikipokea. Mzigo umepotea. Je, nimalizie nusu iliyobaki?

Jibu: Inategemea maana ya "nikipokea" kati yenu. Kama mlielewana kwamba kitu kitakuwa chako baada ya kumaliza malipo, hatari ilibaki kwa muuzaji, hudaiwi nusu ya pili, na ile ya kwanza unastahili kurudishiwa. Kama mlipanga tu ratiba ya malipo huku kitu kikiwa kimeshakuwa chako, jibu linaweza kugeuka. Kwa mpango wa namna hii mimi naona maelezo ya kwanza ndiyo yanayoelekea zaidi nia ya watu wawili wasiofahamiana. Nitumie ujumbe wenu wote, kuanzia siku ya kwanza ya mazungumzo, nione maneno mliyotumia.

Mwanachama wa Njombe: Na mzigo ukifika umevunjika?

Jibu: Fungua hapo hapo dirishani mbele ya karani, piga picha, na uandike hali yake kwenye daftari lao kabla ya kusaini. Kama boksi limepondeka kwa nje, elekea kwa msafirishaji. Kama boksi ni zima lakini kioo ndani kimezungushiwa gazeti moja, ufungaji ulikuwa kazi ya muuzaji, na madai yaanzie kwake.