Jinsi ya Kupanga Safari ya Kuvua Bahari Kuu Watamu Ukiongozwa na Nahodha

Wageni wengi wanaotaka kuvua Watamu, kwenye pwani ya Kenya, huanza na boti. Hutazama picha, hulinganisha bei, hulipa kianzio, kisha ndipo huuliza ni samaki gani wanaopatikana wakati huo. Mimi huwapangia wageni safari hizi, na utaratibu ninaoufuata ni wa kinyume: upepo huamua tarehe, tarehe huamua samaki, samaki huamua boti na zana, na bei hujadiliwa mwisho, wakati mteja na nahodha wote wawili wanajua wanachokizungumzia.

Hatua ya 1: Chagua majira kwa kufuata upepo

Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na katika miezi ya Mei, Juni na Julai bahari huchafuka kiasi kwamba boti nyingi za uvuvi wa kitalii hupandishwa nchi kavu zikarabatiwe. Anayekuuzia safari ya Juni kwa bei ya kutupa anakuuzia mawimbi. Kuanzia Agosti upepo hulegea, na kati ya mwezi huo na Oktoba jodari hupita kwa makundi. Kisha huja matlai, kipindi kifupi cha utulivu kabla ya kaskazi, na baada yake ndipo unapoanza msimu wenyewe: sulisuli (sailfish) kuanzia Novemba hadi Februari, na nduaro (marlin) hasa kuanzia Desemba hadi Machi.

Inafaa kujua kwa nini mambo yako hivyo, kwa sababu utawasikia mabaharia wakizungumzia mikondo siku nzima. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini wakati wa kaskazi. Mikondo hii miwili inapokutana karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini, samaki wadogo hukusanyika kula, na wakubwa huja kuwafuata hao wadogo. Ndiyo maana nahodha hodari hatafuti samaki kwanza, bali hutafuta mahali ambapo rangi ya maji inabadilika ghafla kutoka kijani kibichi kuwa buluu nzito, na ambapo ndege wanazunguka chini chini.

Hatua ya 2: Tazama mwezi kabla ya kufunga tarehe

Hatua hii huachwa na wengi, nao huilipia kwa miguu yao. Watamu haina gati kubwa. Boti hutia nanga ndani ya ghuba, na abiria hufikishwa kwa kidau au hutembea majini. Siku za bamvua, yaani baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukauka kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Kwa hiyo ukikodi boti kwa nusu siku wakati wa bamvua, uondoke saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tano, utashukia kwenye mchanga mpana, mwani na mawe makali, na utahitaji viatu vinavyoweza kulowa. Mzee au mtoto hapendi matembezi hayo. Ukichukua siku nzima, utarudi mchana umesonga na maji yanajaa, na kidau kitakufikisha ufukweni. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, tofauti hii hupungua sana, nami huwashauri wenye familia wachague siku hizo.

Hatua ya 3: Amua unamtaka samaki gani, kisha tafuta boti inayomfaa

Kwa sulisuli, boti ya siku moja inatosha, kwa sababu katika msimu mzuri hupatikana si mbali sana na mwamba wa nje. Nduaro na jodari wakubwa huhitaji kwenda mbali zaidi, mafuta mengi zaidi na, ikiwa lengo ni kufika miinuko ya chini ya bahari iliyo kaskazini, kulala baharini. Nguru, kolekole na fulusi hushikwa njiani katika safari yoyote ile.

Kuna chaguo la tatu ambalo wakala wengi hawalitaji kwa kuwa faida yake kwao ni ndogo. Wavuvi wa kienyeji huwachukua wageni wachache kwa dau au mtumbwi wa mashine kuvua kwa mshipi wa mkono karibu na mwamba, ambako hupatikana changu na tewa. Ukilitaka hilo, usikubaliane na mtu uliyekutana naye ufukweni. Nenda kwenye ofisi ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, wakuelekeze kwa nahodha aliyesajiliwa. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajawahi kuvua baharini angeanza hapa, kwani saa nne za mshipi wa mkono zitamfundisha kuhisi samaki kidoleni, jambo ambalo rodi kubwa, yaani fimbo ya kuvulia, iliyochomekwa kwenye kiti haimfundishi.

Hatua ya 4: Muulize nahodha, na majibu yaandikwe

Ujumbe wa simu unatosha kuwa maandishi. Uliza kama mafuta yamo ndani ya bei au yanahesabiwa kando; kama boti ni yenu peke yenu au mtachanganywa na wengine; ni nani anayeamua kuahirisha hali ya hewa ikiharibika, na kianzio chako kitakuwaje. Uliza pia samaki ni wa nani. Boti nyingi huhesabu jodari na nguru kuwa mali ya boti, na mgeni hupewa vipande vya kitoweo tu. Huo ni utaratibu halali, lakini husababisha ugomvi usipotajwa mapema.

Kuhusu usalama, sikiliza namna anavyojibu zaidi ya maneno yenyewe. Nahodha wa kweli atakutajia bila kusita leseni yake na ya chombo, redio ya baharini ya VHF inayosikiliza chaneli ya 16, jaketi la kujiokoa kwa kila abiria likiwemo la mtoto, na mashine ya pili endapo ya kwanza itazima. Anayekujibu kwamba bahari anaijua tangu utotoni hajakujibu.

Hatua ya 5: Vibali na mipaka

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi. Boti ikipita humo, mishipi yote huwa imekunjwa. Ada za hifadhi hulipwa kwa njia rasmi ya mtandao ya serikali, si taslimu mkononi mwa mtu. Uvuvi wa michezo unahitaji leseni. Mara nyingi mwenye boti huishughulikia, ila mwombe akuoneshe kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 6: Usiku wa kuamkia safari

Lala mapema, usinywe pombe. Ikiwa hujui tumbo lako litaipokeaje bahari, muulize mfamasia dawa ya kichefuchefu, na uulize hasa saa ya kuimeza, kwa kuwa dawa inayomezwa baada ya kuanza kutapika haisaidii. Asubuhi kula kitu kikavu kama mkate au kiazi kitamu, achana na mahamri yenye mafuta mengi. Beba kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu na maji ya kutosha.

Hatua ya 7: Mishipi ikiwa majini

Kazi kubwa ni kurambaza, yaani boti huenda mwendo wa wastani ikiburura chambo nyuma yake. Sulisuli humgusa mawindo kwanza kwa mdomo wake mrefu, na hapo mshipi hutikisika kisha ukalegea. Mgeni huvuta rodi kwa nguvu, na chambo humtoka samaki. Baharia atauachia mshipi utiririke sekunde chache ili samaki akimeze chambo, halafu ataukaza polepole. Boti zinazojali hutumia ndoana za mviringo, ambazo ncha zake zimejikunja kuelekea kwenye shina. Ndoana hiyo hujinasa yenyewe kwenye pembe ya mdomo mshipi unapokazwa, na ukiivuta ghafla humchomoka. Kwa hiyo usishike rodi mpaka uambiwe, na ukipewa, iinue taratibu, kisha zungusha gurudumu la mshipi wakati unaishusha.

Sulisuli na nduaro hurudishwa baharini karibu kila mara baada ya kufungwa alama yenye namba, kazi inayoratibiwa na African Billfish Foundation, ambayo makao yake yako papo hapo Watamu. Mwambie nahodha tangu asubuhi kwamba unataka samaki huyo aachwe. Picha hupigwa samaki akiwa kando ya boti, mwili wake ukiwa majini; akichoka, boti husogea mbele taratibu ili maji yapite kwenye matamvua yake mpaka apate nguvu.

Hatua ya 8: Mkifika ufukweni

Hakikisha kadi ya alama imejazwa aina ya samaki, makadirio ya uzito na mahali alipoachiwa, kwa sababu ikiachwa hadi kesho hubaki mfukoni. Chukua kitoweo chenu kama mlivyokubaliana, kikiwa kwenye barafu. Bakshishi mpe kila baharia mkononi mwake, au mpe nahodha mbele yao wote ukitaja kiasi kwa sauti.