Kuandaa baraza la historia mtaani: niliyojifunza Kariakoo

Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na uani nyuma, zinaondoka Kariakoo moja baada ya nyingine. Ghorofa likisimama, baraza walipokaa wazee linageuka fremu ya nguo. Ndiyo maana naandaa vikao vya bure vya kusimulia historia ya mtaa na ya familia zake. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Tafuta kitu cha kunyooshea kidole

Kikao changu cha kwanza nilikiita "Historia ya Kariakoo". Mzee akaeleza jinsi Waingereza walivyoutwaa mji 1916, wakawaweka hapa wapagazi wa Carrier Corps, na jina likageuka kuwa Kariakoo. Watu wakaitikia kwa adabu. Walishayasikia tangu shuleni.

Cha pili niliuliza jambo moja tu: Narung'ombe ni nini? Nusu ya waliokuwepo walikuwa wanaamini ni habari ya ng'ombe. Kumbe Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa, majina tunayoyataja kila siku tukimwelekeza bodaboda, ni mahali kule kusini palipopiganiwa mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza: Narung'ombe Julai, Tandamti Agosti, Mahiwa Oktoba. Mama mmoja akasema babu yake alibeba mizigo katika vita hiyo na hakurudi. Hapo kikao kikaanza kweli. Basi chagua jina la mtaa, mti, kisima au nyumba moja. Usichague "historia".

Hatua ya 2: Siku, mahali, ruhusa

Kwetu ni Jumapili baada ya swala ya alasiri, kwa kuwa fremu nyingi zimefungwa na msemaji anasikika bila kipaza sauti. Mwarifu mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema. Azima viti vya plastiki, tandika mikeka, mwite muuza kahawa na kashata zake. Usikusanye mchango mlangoni hata wa hiari; akiona kibakuli tu, jirani asiye na kitu anapitiliza.

Hatua ya 3: Mpe msemaji mtani wake

Mzee akiachiwa uwanja peke yake huhutubia. Mkalishe karibu na mtani. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara iliyoshuka pwani, na mtani ana ruhusa ya kuuliza lile ambalo mimi nikiliuliza nitaonekana sina adabu: "Wewe babu yako si alikimbia deni huko kwenu?" Watu watacheka, kisha jibu la kweli litatoka.

Hatua ya 4: Pata miaka bila kuuliza mwaka

Ukimuuliza bibi "mwaka gani?" atakutajia wowote ili umwache apumue. Muulize kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Barabara ya Uhuru ilikuwa bado inaitwa Kichwele? Mtoto alizaliwa kabla ya soko lililochorwa na Beda Amuli kufunguliwa 1975? Alikuwa anatembea wakati wa vita vya Kagera, 1978? Maswali matatu au manne ya namna hiyo hukufikisha karibu kabisa na mwaka wenyewe.

Hatua ya 5: Picha

Waombe watu waje na picha za zamani, lakini zisiondoke mikononi mwao. Piga kwa simu hapo hapo, kwenye mwanga wa kivulini, bila taa ya simu. Geuza na upande wa nyuma: muhuri wa studio au maandishi ya kalamu mara nyingi yana habari kuliko sura zenyewe. Andika majina kuanzia kushoto, mwenye picha akiwa bado mbele yako.

Hatua ya 6: Mirathi, na mambo ya asili

Hapa ndipo nilipoungua. Msemaji alisema nyumba fulani ilinunuliwa na mke mkubwa kwa pesa za vitumbua. Watoto wa mke mdogo walikuwepo, na nyumba ilikuwa na kesi. Chupa ya kahawa ilipinduka na kikao kikaishia pale. Siku hizi namtembelea msemaji wiki moja kabla, na swali la kwanza ni: hiyo nyumba ina shauri? Ikiwa nalo, tunahamia nyumba nyingine. Pia nafungua kila kikao kwa kusema kwamba tunasimulia nani aliishi wapi. Nani anamiliki ni kazi ya mahakama.

Vilevile usimuulize mtu hadharani kama kwao kulikuwa na utumwa. Wapo waliotaka kulisema wenyewe wakalisema, tena kwa kujivunia bibi aliyejikomboa. Wengine hawataki, na hilo ni lao.

Hatua ya 7: Kurekodi

Omba ruhusa kabla hujabonyeza, na mara nyingine mwishoni, maana wakati huo mtu anajua amesema nini. Akitaka sehemu ifutwe, ifute mbele yake. Nakala ya kwanza iende kwa familia.

Kabla watu hawajanyanyuka, uliza nani ana picha au habari ya mtaa unaofuata. Namba ya simu uichukue palepale, wakati bado ana kikombe mkononi.